Kwaresima ya mutu wa mugodi

Jumatano ya Majivu, kiisha misa ya asubuhi, tulisimama inje ya kanisa na kusikia wanaume wawili wakibishana, wote wenye kutumika chini ya ardhi. Mumoja alisema: "Mimi sikukula tangu jana, na saa nane ninashuka." Mwenzake akamujibu: "Ndugu, ukianguka mule chini, nani atakubeba? Si ni sisi?"

Mabishano hayo si ya muchezo. Tunamujua baba mumoja, jina lake tutaliacha, ambaye mwaka jana alifunga na kushuka na tumbo wazi. Kwa ngazi, giza ikamuingia mu macho. Mwenzake alimushika na mukaba. Bila ule mukaba, leo tungekuwa tunamuombea pamoja na marehemu. Bibi yake alisikia habari hiyo kiisha siku tatu, tena kwa jirani.

Basi Kanisa linaomba nini? Tangu Papa Paulo VI alipotengeneza sheria ya kitubio mu 1966, siku za kufunga kwa lazima ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Na kufunga si kukaa bila kula kabisa: ni kula mara moja kwa kushiba, na mara mbili kidogo. Leo sheria hiyo inawashika wenye miaka 18 mpaka 59. Nyama tunaiacha siku hizo mbili na kila Ijumaa ya Kwaresima, kuanzia miaka 14. Mugonjwa, mama mwenye mimba, mama mwenye kunyonyesha, na mutu wa kazi ya nguvu, hao sheria ya kufunga haiwafungi. Wala si jambo jipya. Mapadri wa zamani walifundisha vilevile. Mwenye mashaka amuulize padri wake mbele ya kushuka.

Wengine watacheka: "Basi sisi wa mugodi, Kwaresima imetupita!" Hapana, njo inaanza. Tuhesabu siku: tangu Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46, toa Jumapili 6, zinabaki 40. Mu siku hizo mushahara utaingia walau mara moja, na tunajua njia ya kurudi nyumbani inapita mbele ya baa ngapi. Pale njo pa kufunga. Kwetu Kwaresima inaanguka mu mvua, wakati mahindi mapya hayajakauka mu mashamba na unga umepanda bei. Mama anajua kufunga bila kufundishwa: anagawanyia batoto bukari, yeye anakwangua sufuria. Lakini baba anakataa nyama Ijumaa, kiisha anatuma mutoto kununua samaki kubwa yenye kupita nyama bei! (Tumeiona kwa macho yetu, na tulikaribishwa mezani. Tulikula.)

Mu shirika moja tunalolijua, wanaume walipatana mwaka jana: kila mutu aweke mu kopo, kila juma, bei ya chupa moja. Kopo lilikaa kwa mama mumoja, sababu wenyewe hawakuaminiana. Mbele ya Pasaka walinunua mufuko wa unga kwa mujane wa mwenzao na kulipa masomo ya kijana wake.

Sala nayo ina shida yake. Mwenye kazi ya usiku hawezi kufika kwa Njia ya Musalaba kila Ijumaa. Asali na bibi na batoto mbele ya kutoka, hata dakika kumi. Na kama hasemezani na mutu wanayeshuka naye ngazi moja, aanzie hapo, mbele ya kuungama.

Yule wa saa nane? Tulimuona baadaye pembeni ya lango, akitafuna muhogo na karanga, majivu yangali kwa paji, amegeuza uso kwa ukuta sababu ya haya. Mwenzake alisimama mbele yake kumufunika.