Fahamu: Setilaiti zinavyofuatilia ardhi ya Masisi na msitu wa Walikale

Majani mabichi hurudisha kwa nguvu mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu. Miti ikikatwa, mwanga huo hupungua. Setilaiti za Ulaya, Sentinel-2, zinazopima mwanga huo, hupita kila baada ya siku 5 hivi, na kila nukta ya picha zake kali zaidi ni mraba wa mita 10 kwa 10. Ndiyo maana machimbo ya madini ya koltani ya Rubaya, Masisi, mashariki mwa Kongo (DRC), huonekana waziwazi: udongo mtupu katikati ya vilima vya kijani. Kufuatilia Walikale, jirani ya Masisi, ni kugumu zaidi, kwani mawingu hufunika msitu mara kwa mara. Hapo husaidia rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu.

Picha haisemi kama aliyekata miti ni mfanyabiashara wa makaa au mkimbizi wa vita anayetafuta kuni. Wakazi waulizwe kwanza, kabla ya kulaumiwa.