Marathon ya kwanza: Kasi, wala si umbali, ndiyo adui wa anayeanza

MLIO wa bastola unaporindima alfajiri na umati wa wakimbiaji kuanza kusonga, hakuna anayehisi uchovu. Kilomita ya kwanza humalizika kwa vicheko, ya pili kwa soga na ya tano kwa matumaini makubwa. Masaibu huanza baadaye, aghalabu baada ya kilomita ya 30, wakati miguu inapokaidi amri ilhali zaidi ya kilomita 12 zingali mbele.

Hapo ndipo usemi wa wahenga kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni hudhihirika. Anayeshiriki marathon kwa mara ya kwanza mara nyingi hashindwi na umbali. Hushindwa na pupa yake mwenyewe: pupa ya kuanza mazoezi kwa kishindo, pupa ya kuongeza masafa kabla mwili haujazoea, na pupa ya kutimka kasi siku ya mashindano.

Nchini Kenya kuna kishawishi cha ziada. Taifa ambalo limewapa walimwengu Catherine Ndereba, Paul Tergat, marehemu Samuel Wanjiru na Eliud Kipchoge limewafanya baadhi ya raia kuamini kwamba mbio ziko katika damu ya kila mmoja wao. Karani anayeketi ofisini saa nane kwa siku, au dereva anayeshinda nyuma ya usukani, hujisajili kwa kilomita 42 wiki tatu kabla ya mashindano akidhani uzalendo utambeba. Maskini, misuli haijui cheti cha kuzaliwa.

Umbali wenyewe

Marathon ni mbio za kilomita 42.195. Jina hilo linatokana na uwanda wa Marathon nchini Ugiriki, ambako Waathene waliwashinda Waajemi mwaka 490 kabla ya Kristo. Hekaya yasimulia kwamba tarishi alikimbia hadi Athens kutangaza ushindi, kisha akaanguka na kukata roho.

Katika michezo ya kwanza ya Olimpiki ya kisasa jijini Athens mwaka 1896, mshindi alikuwa Mgiriki Spiridon Louis, na masafa yalikuwa takriban kilomita 40. Kilomita 42.195 zilitumiwa London mwaka 1908, mbio zilipoanzia katika kasri la Windsor na kukamilikia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme. Umbali huo ulifanywa kuwa wa kudumu mwaka 1921.

Mbio hizo za 1908 zilitoa funzo lisilosahaulika. Mwitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani wa kwanza, lakini alikuwa amechoka mno hata akageukia upande usiofaa. Alianguka mara kadhaa katika mita za mwisho, maafisa wakamwinua na kumsaidia kuvuka mstari. Alipokonywa ushindi kwa kusaidiwa, na dhahabu ikamwendea Mmarekani Johnny Hayes, aliyekuwa amejihifadhia nguvu.

Mabingwa hawakuharakisha

Anayedhani kwamba mabingwa walirukia marathon kwa siku moja anafaa kutazama historia yao. Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 18. Hakujitosa katika marathon hadi Aprili 2013 jijini Hamburg, Ujerumani, alikoshinda kwa saa 2:05:30. Ilimchukua miaka mingine tisa kufikia 2:01:09 jijini Berlin mwaka 2022.

Tergat naye alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa miaka mitano mfululizo, 1995 hadi 1999, kabla ya kukimbia marathon yake ya kwanza jijini London mwaka 2001. Alimaliza wa pili. Ushindi wake wa kwanza katika masafa hayo haukuja hadi Septemba 2003 jijini Berlin, alipovunja rekodi ya dunia kwa 2:04:55.

Isitoshe, wanariadha wanaofanyia mazoezi Iten na Kaptagat, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hawakimbii kwa kasi kila siku. Mbio zao za kawaida huanza kwa mwendo wa kobe, wakipiga gumzo. Siku za kasi ni chache, na kati yake hulala, hula na kupumzika. Hilo ndilo jambo ambalo anayeanza anaweza kuliiga bila madhara.

Miezi ya matayarisho

Kabla ya lolote, ni vyema kumwona daktari, hasa kwa aliyetimiza umri wa miaka 40, mwenye shinikizo la damu au kisukari, au ambaye jamaa yake wa karibu aliwahi kufa ghafla kwa maradhi ya moyo. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzirai wakati wa mazoezi si mambo ya kuvumiliwa kiume. Ni ishara za kusimama na kutafuta matibabu.

Ratiba nyingi za wanaoanza huchukua wiki 16 hadi 20. Hata hivyo, ratiba hizo humtarajia mtu ambaye tayari anaweza kukimbia dakika 30 bila kusimama. Asiyeweza hilo anahitaji miezi kadhaa zaidi, akianza kwa kutembea dakika nne na kukimbia moja, kisha kupunguza kutembea kidogo kidogo.

Sababu ya subira hii ni ya kimaumbile. Moyo na mapafu huimarika katika muda wa wiki chache, na mkimbiaji huhisi kwamba ana pumzi za kutosha. Lakini mifupa na kano huchukua miezi kuzoea kishindo cha barabara. Katika pengo hilo kati ya pumzi na mifupa ndimo majeraha mengi huzaliwa: maumivu ya muundi, ya goti, ya kisigino, na hata nyufa ndogo katika mifupa.

Kwa hivyo siku nne za kukimbia kwa wiki zinatosha. Tatu ziwe za masafa mafupi kwa mwendo mwepesi, na kipimo chake ni rahisi: mkimbiaji aweze kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Akishindwa, apunguze kasi. Siku ya nne, ambayo kwa wengi ni Jumamosi au Jumapili, iwe ya mbio ndefu.

Mbio hizo ndefu huanza kwa kilomita 8 au 10 na kuongezwa kilomita moja au mbili kwa wiki, huku kila wiki ya nne masafa yakipunguzwa ili mwili upate nafuu. Hatimaye hufikia kati ya kilomita 29 na 32. Hakuna haja ya anayeanza kukimbia kilomita 42 mazoezini. Uchovu wake ungekuwa mkubwa kuliko faida.

Wiki mbili au tatu za mwisho ni za kupunguza mazoezi. Wengi huingiwa na wasiwasi katika kipindi hiki na kujaribu kufidia siku walizokosa. Hilo ni kosa. Mazoezi ya wiki ya mwisho hayaongezi nguvu yoyote itakayofika kwa wakati, bali huongeza uchovu tu.

Mahali pa kukimbilia pia panahitaji busara. Jijini Nairobi, njia za msitu wa Karura huwaepushia wakimbiaji moshi na matatu, na udongo wake ni mwororo kuliko lami. Mkazi wa Mombasa hana budi kuamka saa kumi na moja alfajiri, kabla joto na unyevu wa hewa havijapanda. Kwa wanawake na kwa yeyote anayekimbia gizani, kuandamana na wenzake ni suala la usalama.

Viatu visiwe vipya siku ya mashindano. Vinunuliwe mapema, viwe na nafasi kidogo mbele ya vidole, na vitumiwe katika mbio ndefu kadhaa. Soksi na fulana vivyo hivyo. Mafuta mazito ya kujipaka kwapani, mapajani na kifuani huzuia ngozi kuchubuka.

Kwa nini nguvu huisha

Kuna sababu bayana ya miguu kukaidi baada ya kilomita ya 30. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, na akiba hiyo kwa kawaida hutoa takriban kalori 2,000. Kukimbia hutumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzani kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 70 basi huhitaji kalori 70 kwa kilomita, au zaidi ya 2,900 kwa marathon nzima.

Ukigawanya 2,000 kwa 70, jibu ni kilomita 28 na ushei. Mafuta yaliyo mwilini husaidia kuziba pengo, lakini hutoa nguvu polepole. Tena, kadiri mtu anavyokwenda kasi, ndivyo mwili unavyotegemea wanga zaidi na mafuta kidogo. Anayetimka mapema huchoma akiba yake ya thamani kwanza.

Hesabu ya muda nayo haina huruma. Tuseme mkimbiaji ana uwezo wa dakika 7 kwa kilomita, ambazo zingemfikisha mwisho kwa muda wa karibu saa 4 na dakika 55. Akikimbia kilomita 10 za kwanza kwa dakika 6 kila moja, atakuwa ameokoa dakika 10. Lakini akiishiwa nguvu kwenye kilomita ya 30 na kulazimika kujikokota kwa dakika 12 kwa kilomita, atapoteza zaidi ya saa moja. Biashara gani hiyo?

Kinga ni tatu: kuanza polepole kuliko moyo unavyotaka, kula vyakula vya wanga siku mbili au tatu za mwisho, na kuongeza wanga njiani. Wali, ugali, viazi na ndizi vinafaa. Maharagwe na githeri ni lishe bora siku nyingine, ila usiku wa kuamkia mashindano huweza kuvuruga tumbo. Njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kutokana na ndizi au vinywaji vyenye sukari, hutosha wengi, mradi tumbo limezoeshwa mazoezini.

Maji: Mengi mno pia ni hatari

Wengi wameambiwa wanywe maji hata bila kiu. Ushauri huo umewaletea baadhi ya watu madhara makubwa. Anayekunywa kuliko anavyotoa jasho huzimua chumvi ya sodiamu katika damu, ubongo huweza kuvimba, na mtu kupoteza fahamu au hata maisha.

Utafiti uliochapishwa Aprili 2005 katika jarida la New England Journal of Medicine ulichunguza damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon ya mwaka 2002. Asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa sodiamu. Ishara kuu ilikuwa kuongezeka uzani wakati wa mbio, na waliochukua zaidi ya saa nne walikuwa katika hatari zaidi. Hao ndio kundi la wanaoanza, kwa kuwa wana muda mrefu wa kunywa katika kila kituo.

Kanuni salama ni kunywa kulingana na kiu. Kichefuchefu, kuumwa na kichwa, vidole kuvimba na kuchanganyikiwa ni dalili za kumwendea mhudumu wa afya mara moja. Aidha, dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofen zisimezwe kabla ya mbio kwani huweza kudhuru figo. Mwenye homa asikimbie kabisa. Mashindano mengine yatakuja.

Kuchagua mashindano

Mbio za Nairobi zilizoanzishwa mwaka 2003 zina vitengo vya kilomita 42, 21 na 10, na hivyo humruhusu mtu kupanda ngazi mwaka baada ya mwaka. Zile za Lewa, zilizoanza mwaka 2000, hukimbiwa kwenye njia za vumbi ndani ya hifadhi ya wanyamapori, na wa marathon huzunguka mara mbili njia ya kilomita 21. Jua na milima yake si mzaha kwa anayeanza.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Atokaye Pwani asitarajie kasi aliyoizoea nyumbani. Aidha, kila mshiriki achunguze muda wa mwisho uliowekwa na waandalizi kabla ya barabara kufunguliwa kwa magari.

Kutembea si aibu. Mmarekani Jeff Galloway, aliyeshiriki Olimpiki ya 1972 katika mbio za mita 10,000, alijulikana kwa kuwafundisha wanaoanza kuchanganya kukimbia na kutembea kwa mpangilio tangu mwanzo. Anayetembea dakika moja kwa hiari kwenye kilomita ya tano ana nafasi nzuri ya kutolazimika kutembea saa nzima baadaye.

Akishavuka utepe, mkimbiaji asiketi papo hapo. Atembee dakika kadhaa, avae nguo kavu, ale na anywe kwa kiasi. Kwa siku mbili au tatu ngazi za nyumbani zitakuwa mlima, na wiki mbili zipite bila mazoezi mazito.

Muda utakaoandikwa karibu na jina lake hautawatia mabingwa wa Iten hofu, wala haukukusudiwa hivyo. Aliyefika akiwa wima, akijua jina lake na njia ya kurudi nyumbani, ametimiza lengo la marathon ya kwanza.