Foni ya kujitengenezea: juu ya nini mafundi wanaagiza ubao wa radio kwa pamoja

Mu vijiji vingi vya Ituri, simu inafanya kazi mpaka siku ile inahitajika zaidi. Mnara ukikosa mafuta, ukipigwa na radi ao ukiharibiwa wakati wa vita, rezo inakatika. Mtu wa Djugu ao Mambasa anabaki kupeleka habari kwa pikipiki, kama barabara iko wazi. Ndiyo maana foni haijakufa. Tangu zamani mishoni, hospitali na viwanja vidogo vya ndege vimekuwa vikiitumia, na mpaka leo kuna fasi ambako ndiyo sauti pekee inayotoka.

Shida ni bei. Foni mpya ya kiwandani, kama zile za Codan ao Barrett zinazotoka Australia, ni ya maelfu ya dola. Ikiungua, si rahisi kupata kipande chake mjini. Lakini mahali pengine duniani kuna watu waliochagua njia tofauti: wanachora wenyewe ubao wa saketi, yaani ule ubao mdogo wa kijani unaoonekana fundi akifungua radio. Mchoro wanauacha wazi kwa kila mtu, kisha wanachanga makuta na kuagiza bao nyingi mara moja. Njia hiyo inaweza kusaidia hapa Bunia? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini kuna mambo ambayo ubao peke yake hauwezi kuyafanya.

Somo la Makombo

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, inafaa kukumbuka yaliyotokea jirani, Haut-Uele. Kuanzia tarehe 14 hadi 17 mwezi wa 12, 2009, waasi wa LRA walishambulia vijiji vya eneo la Makombo, upande wa Niangara. Shirika la Human Rights Watch lilisema watu zaidi ya 300 waliuawa. Ripoti yake ilitoka mwisho wa mwezi wa 3, 2010. Kwa miezi karibu mitatu, dunia ya nje haikujua ukubwa wa mauaji yale. Watu wa pale hawakuwa na njia ya kusema.

Baada ya hapo, shirika la Invisible Children na washirika wake wa Kanisa Katolika waliweka foni katika vijiji vya Uele. Vijiji vikaanza kuitana kwa saa zilizopangwa: nani ameonekana, wapi, wanaelekea upande gani. Onyo la mapema linawapa watu muda wa kukimbia, na linawaambia wauguzi na wenye misaada waende wapi. Katika mambo kama haya, habari ya leo na habari ya baada ya wiki mbili si kitu kimoja.

Sauti inasafiri namna gani bila mnara

Toki-woki inatuma mawimbi yanayokwenda karibu mstari mnyoofu. Kilima kimoja cha Djugu kinatosha kuyazuia. Foni inatumia mawimbi mafupi, kati ya megahezi 3 na 30. Haya yanapanda juu, yanafika kwenye tabaka la anga lenye chembe za umeme linaloitwa ionosfera, kisha yanarudi chini. Antena ikifungwa mita chache tu juu ya udongo, mawimbi yanapanda karibu wima na kushuka kama mvua, yakienea mamia ya kilomita kuzunguka, hata nyuma ya milima. Bunia, Aru na Mambasa wanaweza kusikilizana bila mnara hata mmoja katikati.

Frekansi inabadilika kufuatana na saa. Mchana, ile iliyo karibu na megahezi 7 mara nyingi inafaa kwa umbali wa namna hii. Usiku inabidi kushuka, karibu na 3 ao 4. Kwa megahezi 7, antena ni waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kuunganishwa na kebo. Waya huo unaweza kununuliwa sokoni, na kijana mwenye ngazi anaweza kuufunga.

Ubao uliotoka Hyderabad

Mfano unaojulikana zaidi wa ubao ulioachwa wazi ulitoka India, katika mji wa Hyderabad. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ashhar Farhan, ambaye ni radioamateri, alichora mashine ndogo ya kutuma na kupokea sauti, akaiita BITX. Radioamateri ni mtu anayetumia mawimbi kwa kujifunza na kwa kupenda, si kwa biashara. Farhan alitaka vipande vyote vipatikane kwa fundi wa kawaida wa radio na televisheni. Hata koili ilisokotwa kwenye washa ya robine ya maji, kwa sababu kipande halisi ni vigumu kukipata katika miji mingi.

Mwaka 2016 ikafuata BITX40, ubao ambao vipande vyake vilikuwa vimekwisha kufungwa, kwa dola 45 hivi. Mwezi wa 12, 2017 ikatoka uBITX, yenye kufunika megahezi 3 hadi 30, kwa dola 109. Kazi ya kusokota koili na kufunga vipande ilifanywa kwa mkono na wanawake wa Hyderabad. Mashine hiyo inatoa wati 10 hivi, na chakula chake ni batri ya volti 12, kama ile ya gari inayochajiwa na solari.

Ndani yake hakuna uchawi. Kuna kipande kimoja kinachozaa frekansi, kompyuta ndogo ya Arduino inayokiamuru, kichujio cha fuwele za kwarzi kinachotenganisha sauti unayotaka na kelele za jirani, na mwishoni transista mbili za nguvu, aina ya IRF510, ambazo si ghali. Hizo za mwisho ndizo zinaungua kwanza, hasa mtu akirusha bila antena. Fundi mwenye chuma cha kulehemu na mchoro mbele yake anaweza kuzibadilisha nusu ya siku.

Uwazi huo ulionyesha faida yake mwaka 2018. Watumiaji walipima uBITX za kwanza na kukuta kwamba, pamoja na sauti kwenye frekansi iliyokusudiwa, zilikuwa zinatupa mawimbi ya ziada kwenye frekansi zingine. Hilo ni kosa kubwa, maana linaweza kuingilia mawasiliano ya watu wengine. Juu ya mchoro kuwa wazi, watumiaji kutoka nchi mbalimbali walitafuta chanzo, wakajaribu dawa zao, na toleo lililofuata likabeba marekebisho. Mashine iliyofungwa kama sanduku la siri, mwenye nayo angengoja kiwanda kiamue.

Likelemba ya bao

Kuchora ubao hakuna gharama kubwa. Programu ya KiCad, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, ni ya bure. Fundi anaingiza mchoro, anapanga njia za shaba, na programu inatoa mafaili ambayo kiwanda kinayasoma. Gharama inaanza pale kiwanda kinapowasha mashine. Kuandaa kazi ya bao 5 na kuandaa kazi ya bao 50 kunakaribiana. Vipande navyo vinauzwa kwa mafungu, na mzigo mdogo unalipiwa safari karibu kama mkubwa.

Hesabu ya mfano inaonyesha vizuri. Hizi si bei za soko, ni namba za kuelewesha tu. Kuandaa mashine, dola 150. Vipande vya kila ubao, dola 50. Safari ya mzigo mdogo, dola 80. Mtu mmoja akiagiza peke yake, analipa dola 280. Wakiwa watu 20, na safari ya mzigo mkubwa ikifika dola 200, kila mmoja anabeba dola 7 na nusu za mashine, dola 50 za vipande na dola 10 za safari. Jumla ni dola 67 na nusu.

Kila mama anayecheza likelemba anaelewa hesabu hii, na anaelewa pia hatari yake. Nani anashika makuta? Akiugua ao akihama, nani anaendelea? Makundi ya radioamateri yanayofanya vizuri yana desturi zao. Kwanza wanaagiza bao chache za majaribio, labda 5, na watu wawili watatu wanazifunga na kuzipima. Makosa yanasahihishwa kwenye mchoro. Ni hapo tu orodha inafunguliwa na watu wanalipa. Orodha inaonekana na wote: nani amelipa, ngapi zimeagizwa, mzigo uko wapi. Na wanaongeza vipande vya akiba, hasa zile transista za mwisho, maana mzigo wa pili kwa ajili ya kipande kimoja utakula faida yote.

Kwa Bunia kuna hesabu ya ziada. Mzigo unaopitia Mombasa na Kampala unaingia kwa barabara ya Mahagi ao kwa ziwa Albert kupitia Kasenyi. Kuna forodha ya DGDA na ukaguzi wa OCC. Kundi lililosahau kuweka kodi na barabara ndani ya bei litaanza kuchangisha mara ya pili, na hapo ndipo urafiki unavunjika.

Karatasi kabla ya mzigo

Jambo ambalo halina mjadala ni ruhusa. Katika Kongo, frekansi ni mali ya taifa. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa 11, 2020 ndiyo inayoongoza mawasiliano, na ARPTC ndiyo mamlaka inayosimamia. Hakuna anayeruhusiwa kurusha bila karatasi. Tena Ituri si jimbo la kawaida: tarehe 6 mwezi wa 5, 2021 iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa état de siège. Kijana anayekutwa kwenye bariere na chombo cha kutuma sauti, chenye nyaya zinazoonekana, bila karatasi yoyote, anaweza kuchukuliwa kama mpelelezi wa kundi lenye silaha. Kueleza baadaye kwamba ni mradi wa kujifunza kunaweza kuwa kumechelewa.

Ruhusa yenyewe ina aina zake. Leseni ya radioamateri ni ya kujifunza, kujaribu vyombo na kuongea na radioamateri wengine, kwa alama ya kituo inayoanza na 9Q kwa Kongo, kwenye frekansi zao maalum kama megahezi 7.0 hadi 7.2. Si ya biashara, na si ya kuendesha kazi ya kila siku ya shirika ao zoni ya afya. Kanuni za kimataifa zinawaruhusu radioamateri kupitisha ujumbe wa wengine wakati wa maafa. Lakini mtandao wa kudumu wa vijiji ao wa hospitali unahitaji frekansi yake na mashine iliyokubaliwa kwa kazi hiyo. Anayechanganya mambo haya mawili anaweza kupoteza yote mawili.

Mambo ambayo ubao hauyafanyi

Wati 10 si wati 100. Mu masaa ya kelele, hasa radi zikiwa karibu, sauti ya mashine ndogo itazama pale foni ya kiwandani bado inasikika. Antena nzuri inasaidia sana, lakini haifanyi miujiza. Kwa kituo cha afya ambacho maisha ya mama mjamzito yanategemea simu moja ya usiku, foni ya kiwandani yenye nguvu bado ina nafasi yake.

Pia foni ya kawaida inasikika na kila mtu. Haina ufunguo. Anayetangaza kwamba wakimbizi wamelala kwenye shule fulani anawaambia pia wanaowafuata. Jina la mgonjwa likitajwa hewani, halirudi tena. Watu waliozoea foni wana adabu yao: maneno machache, bila majina, kwa saa zilizokubaliwa, na kila mmoja anangoja zamu. Adabu hiyo inafundishwa kabla ya mtu kushika maikro.

Kwa hiyo, kwa mafundi wa Bunia, wanafunzi wa umeme na wapenzi wa radio, ubao ulio wazi una thamani yake kwanza kama shule. Kundi la watu 20 linaloagiza pamoja linapata bao 20 kwa bei ya chini, na pia watu 20 wanaojua kusoma mchoro uleule, wanaoweza kutafuta kosa pamoja, na wenye vipande vya akiba kwenye sanduku moja. Mtu kama huyo anaweza kesho kufungua hata foni ya kituo cha afya iliyonyamaza na kuelewa imekufia wapi.

Utaratibu wenyewe una hatua zake: kundi lijulikane na lijiandikishe, liulize ARPTC kuhusu leseni na kuhusu kuingiza vyombo, lianze na kusikiliza tu huku likijifunza, kisha bao chache za majaribio, na mwisho ndipo mchango na mzigo mkubwa. Gharama kubwa inakuja mwishoni, karatasi zikiwa tayari na watu wakiwa wamekwisha kujifunza.