Lambo lilikauka kabisa, hao samaki wametoka wapi?

Kila mwaka mvua za Desemba zikishika, swali hili linarudi kwetu. Lambo lilikauka tangu Agosti. Ng'ombe walikuwa wanakatiza katikati, na ardhi ilipasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia kwenye ufa. Mvua inanyesha wiki tatu, nne, watoto wanarudi nyumbani na samaki kwenye kopo. Wametoka wapi?

Wazee wengi wanasema wameshuka na mvua. Hatuwezi kuwacheka, maana aliyeliona lambo likiwa vumbi atafikiri nini kingine? Na ni kweli kwamba kimbunga kinaweza kuzoa samaki wadogo ziwani na kuwaangusha mbali, ingawa ni jambo la nadra mno. Haliwezi kueleza samaki wanaotokea mwaka hadi mwaka katika lambo lile lile. Samaki wa malambo na mbuga zetu wana njia nyingine. Wapo wanaotembea, na wapo waliokuwa hapo hapo siku zote, chini ya kwato za ng'ombe.

Anayetembea ni kambale. Ukimpasua kichwa wakati wa kumwandaa, angalia juu ya mashavu yake, yale mekundu anayopumulia. Utakuta kitu kama vijitawi vya mti, chekundu kwa damu. Hicho ndicho kinachomwezesha kuvuta hewa kama sisi. Usiku wa mvua, nyasi zikiwa zimelowa, kambale hutoka majini, akajiegemeza kwenye ile miiba ya mapezi ya kifuani, akatupa mkia kushoto na kulia, akasonga mbele. Ngozi yake haina magamba na inateleza kwa ute, kwa hiyo haikauki upesi. Anafuata maji mapya yaliyofunika nyasi, maana huko ndiko anakotaga. Mayai yake hunata kwenye majani na kuanguliwa baada ya siku moja au mbili tu.

Kiangazi kambale hujichimbia kwenye tope na kungoja, lakini tope likikauka kabisa hufa. Wale mnaowaona Januari wengi wamepanda na maji kutoka kwenye madimbwi ya mito yaliyobaki na unyevu.

Hapa wafugaji wa samaki mtusikilize vizuri. Kambale huyo huyo anaingia kwenye bwawa lako usiku, kupitia mfereji wa kuingizia maji au pale maji yanapofurikia, na vifaranga wa perege uliowanunua kwa fedha zako ndio chakula chake. Wapo wanaodhani wameibiwa. Weka wavu wa matundu madogo kwenye mfereji, na ukingo wa bwawa uwe juu na usiwe na nyasi ndefu.

Wa pili ni kamongo. Sisi wa Singida wengi tunamfahamu akiwa ameshakaushwa, amepakiwa kutoka Kanda ya Ziwa, ila maisha yake ni ya ajabu kuliko nyama yake. Kamongo ana mapafu. Mashavu yake hayamtoshi, lazima apande juu avute hewa. Akinaswa na wavu chini ya maji asiweze kupanda, anakufa maji kama mtu. Mapezi yake manne ni membamba kama kamba, lakini mwaka 2011 watafiti wa Chicago walionyesha kuwa kamongo wa aina ya Afrika Magharibi hujiinua sakafuni mwa maji kwa mapezi ya nyuma na kupiga hatua, moja baada ya nyingine.

Maji yakimwishia, anatafuna tope kwa mdomo na kulitolea kwenye mashavu mpaka amechimba shimo. Anajikunja humo, mkia karibu na kichwa, anatoa ute unaokauka na kumzunguka kama mfuko, na kubakiza tundu moja tu mdomoni la kupitishia hewa. Hali, hanywi. Anaishi kwa kutumia misuli yake mwenyewe, na uchafu ambao angeutoa kwa mkojo anautunza mwilini ukiwa katika hali isiyomdhuru. Kwenye maabara wamewahi kukaa hivyo hadi miaka minne. Mmarekani mmoja mtaalamu wa figo, Homer Smith, alivutiwa naye mpaka mwaka 1932 akatoa riwaya aliyoiita Kamongo, kwa jina hili hili la kwetu.

Sasa tuje kwa yule wa kwenye kopo. Ni mdogo, kama kidole, na mara nyingi hupita sentimita tano kidogo tu. Dume lina rangi nyekundu na buluu utadhani limepakwa, jike ni la kijivu. Watu wengi humdharau wakidhani ni kifaranga wa samaki mwingine. Kumbe huyo ni mtu mzima! Wataalamu humwita Nothobranchius. Sisi tutamwita samaki wa msimu. Ndugu zake wako Zanzibar, Msumbiji na kwingineko, na wa Tanzania ya kati wanaishi kwenye madimbwi ya mbuga kama za Bahi na Wembere, penye ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaong'ang'ania kwenye gumboti.

Huyu hatembei wala halali. Lambo likikauka, anakufa, wote wanakufa. Kinachobaki ni mayai waliyoyafukia kwenye tope, yenye ganda gumu, na kila yai limesimamisha ukuaji wake likingoja. Mvua ikija yanaanguliwa, na kwa kuwa muda ni mfupi hawachezi: wale wa Msumbiji wamepimwa wakikomaa na kuanza kutaga wakiwa na siku 14 tu. Ndiyo maana wanasayansi wa Ujerumani wanawafuga ili kuchunguza uzee, kwani samaki huyu anazaliwa, anazeeka na kufa ndani ya miezi michache.

Kuna jambo moja ambalo mkulima wa mtama atalielewa kuliko mtu wa mjini. Mayai hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza. Mengine yamekwisha kuwa tayari, mengine bado yamelala. Mvua ikidanganya, ikanyesha wiki moja na kukata, walioanguliwa wanakufa, lakini akiba ingali ardhini inangoja mvua ya kweli.

Mayai hayo yanahitaji kukauka. Dimbwi likichimbwa likawa bwawa la maji ya mwaka mzima, samaki wa msimu hupotea, na kambale na perege wakiingia humo wanamaliza waliobaki. Hatusemi watu wasichimbe mabwawa, mifugo inahitaji maji. Ila si lazima kila dimbwi la mbuga liguswe, wala makopo ya dawa za shambani kuoshewa humo kiangazi kwa kuwa "hamna kitu". Samaki hawa wanakula pia viluwiluwi vya mbu.

Watoto wakija na kopo msimu huu, wachungulie kabla hamjamwaga. Mkiona mwenye rangi nyekundu na buluu, tutumieni ujumbe mkitaja kijiji chenu na mwezi ambao lambo lenu lilikauka. Tutausoma hewani.