Neno ‘ziwa’ lina somo kwa mama anayenyonyesha

Mkata, Handeni. Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: ziwa la maji, kama Tanganyika, na ziwa la mama analonyonya mtoto. Wingi wake ni maziwa, na maziwa ndiyo jina la kinywaji chenyewe.

Kwa maana ya maji, neno hili ni la Kibantu na lina ndugu mbali na pwani. Kishona cha Zimbabwe husema dziva, Kichewa cha Malawi dziwe, na Kilingala cha Kongo liziba. Sauti ya ‘b’ ya kale imelainika kwa Waswahili kuwa ‘w’. Ndugu hao hawatuambii habari za maji makubwa, bali maji yaliyotuama. Kwa maji makubwa kuna neno jingine: nyanja, nyanza au nyasa. Ndiyo maana anayesema Ziwa Nyasa amesema ‘ziwa ziwa’.

Kwa maana hiyo ya kale, hata Mkata, mbali na maziwa makuu, ina jamaa wa ziwa: lambo. Wilayani Handeni, kiangazi kikibana, lambo huokoa familia na mifugo.

Hapo ndipo maana mbili za neno zinapokutana kwenye malezi. Jua likiwaka, bibi au jirani hushauri kichanga kipewe ‘maji kidogo’ ya kukata kiu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, hata wakati wa joto. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo ni maji.

Kijiko cha maji yasiyo salama kinaweza kuleta kuhara. Tena hujaza tumbo, mtoto hunyonya kidogo, na maziwa ya mama hupungua.

Joto likizidi, fanya hivi:

- Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, usiku na mchana.
- Mama anywe maji salama ya kutosha.
- Akitimiza miezi sita, mwanzishie chakula na maji yaliyochemshwa yakatokota. Endelea kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi.

Mtoto anayeharisha, mwenye macho yaliyodidimia, anayekojoa kidogo au anayeshindwa kunyonya apelekwe kituo cha afya mara moja.