Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Jioni moja katika mtaa wa Nkuhungu, hapa Dodoma, akina mama ishirini na mmoja walikaa uani kwangu wakinitazama mimi, nami nikiitazama simu. Mimi ndimi katibu wa kikoba chetu. Siku hiyo tulikubaliana kujaribu kuweka hesabu zetu katika aplikesheni ya simu iliyotengenezwa na mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta. Nilikuwa nimekwisha kuingiza hisa za watu kumi na wanne. Mama mmoja, ambaye macho yake si mazuri, akaomba aione hesabu yake. Nikailaza simu upande ili maandishi yawe makubwa. Kioo kikafumba na kufumbua kama jicho, na hisa za watu wote kumi na wanne zikawa hazipo.

Fedha zenyewe zilikuwa salama sandukuni, na kila mama alikuwa na kitabu chake chenye mihuri. Tulianza upya kwa karatasi, tukamaliza giza likiwa limeingia. Lakini kabla ya kuondoka mmoja wao aliniuliza kwa upole uliochoma: "Dada katibu, sasa zile za mwanzo zimekwenda wapi?" Wenye uzoefu wa vikoba wanajua uzito wa swali la namna hiyo mbele ya watu.

Kijana nilimkuta kesho yake amejiinamia. "Shangazi," akasema, "mimi somo hili nililifanyia mtihani muhula uliopita." Somo lenyewe ni uandishi wa programu kwa vitu. Akanitajia maana zake zote, moja baada ya nyingine, kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Nikamwambia hayo mimi hayanisaidii, anieleze kwa kutumia kikoba. Basi tukakaa, na leo nataka nikueleze nilichokielewa, kwa kuwa vijana wengi wa mji huu, tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, wanalisoma somo hili, na wazazi wanaowalipia ada hawajui ni mnyama gani.

Programu za zamani nyingi ziliandikwa kama orodha ndefu ya amri: fanya hili, kisha lile. Takwimu zilikaa pembeni, wazi, na amri yoyote iliweza kuzigusa. Programu fupi haina taabu. Ikirefuka, hakuna ajuaye nani kagusa nini. Huko Oslo, Norway, katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitaka kompyuta iwaigizie mambo kama foleni za watu na mizigo. Wakaona ni afadhali kila kitu kilichomo kwenye foleni kiwe na takwimu zake na vitendo vyake, vikae pamoja. Lugha yao, Simula 67, ndiyo iliyoleta wazo hili. (Sisi wakati huo kompyuta tulikuwa nazo chache mno, na mwaka 1974, kabla sijazaliwa, Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

Sasa hebu tukitazame kikoba. Kitabu cha mwanachama kikitoka kiwandani hakina jina la mtu. Kina mahali pa jina, mahali pa mihuri ya hisa, mahali pa mkopo na mahali pa rejesho. Huo ni mfano tu, na waandishi wa programu huuita klasi. Kitabu cha mama wa nyumba ya tatu, chenye jina lake na mihuri yake, ndicho kitu. Mfano mmoja, vitabu ishirini na moja. Ukipiga muhuri katika kimoja, vingine havijui.

Mpaka hapo ni rahisi. Kigumu, na ndicho kilichomshinda kijana wetu darasani, ni kwa nini mtu ajisumbue hivyo. Akiandika programu ya kujumlisha alama za mtihani hahitaji vitu wala klasi, na mifano ya vitabuni ya mbwa anayebweka na gari linalopiga honi haimwonyeshi hasara yoyote. Simu ndiyo iliyomfundisha, kwa kumwaibisha. Simu za Android zilijengwa juu ya lugha ya Java, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, na tangu mwaka 2019 Google inawashauri waandishi waanze na lugha nyingine iitwayo Kotlin. Zote mbili ni lugha za vitu. Hata ukurasa unaouona kwenye kioo kwa kawaida hukaa ndani ya kitu kinachoitwa Activity, na kitu hicho huzaliwa na kufa.

Nasema hufa, na ndivyo ilivyotokea uani kwangu. Ukiilaza simu, Android kwa kawaida hukivunja kitu kile na kukiumba kingine kinacholingana na kioo kilicholala. Kijana alikuwa ameweka hisa zangu kumi na nne mikononi mwa ule ukurasa. Ukurasa ulipokufa ukaenda nazo. Ni sawa na karani anayeandika fedha za watu kwenye kiganja chake, kisha akaenda kunawa. Dawa yake ilikuwa kumnyang'anya ukurasa kazi hiyo: ukurasa uonyeshe tu, na kila hisa inapoingizwa iandikwe papo hapo katika ghala la kumbukumbu ndani ya simu, chini ya kitu kingine kisichokufa kioo kinapogeuzwa. Swali la "nani anamiliki nini, na kwa muda gani" alikuwa amelisoma. Sasa alilijua.

Kosa la pili alilikuta mwenyewe mezani. Deni la mwanachama lilikuwa likipunguzwa mara mbili kwa rejesho moja. Sehemu mbili tofauti za programu, kila moja kwa nia njema, zilikuwa zikitoa. Alipoteza siku mbili akitafuta, maana namba ya deni ilikuwa wazi na kila sehemu iliweza kuifikia.

Hapo ndipo nilipomletea sanduku letu. Mtindo huu wa vikundi vya kuweka na kukopa wenye sanduku ulienezwa na shirika la CARE, lililouanzisha huko Niger mwaka 1991, na sanduku letu, kama mengi ya aina yake, lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na sanduku kwa mtu wa nne. Hakuna anayefungua peke yake. Fedha hazitoki ila katika mkutano, kwa taratibu zinazojulikana: kununua hisa, kutoa mkopo, kupokea rejesho. Nikamwambia deni lako nalo liweke sandukuni. Akacheka, kisha akanyamaza, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa amekikariri kwa jina refu la Kiingereza: kuificha namba ndani ya kitu chake, na kuacha milango michache tu ya kuifikia. Akaufanya mkopo uwe kitu, deni likafungiwa ndani, na mlango wa kulipunguza ukawa mmoja, uitwao pokea rejesho. Zile sehemu mbili zilipojaribu kuingia kwa nguvu, lugha yenyewe ilikataa kuitafsiri programu na ikamwonyesha mistari ya makosa. Siku mbili za kutafuta zikawa dakika chache.

Kuna jambo jingine wanaloliita kurithi. Mkopo wetu wa kawaida una ziada, ule wa dharura kutoka mfuko wa jamii hauna. Yote miwili ni mikopo, basi inarithi yale ya pamoja, na kila mmoja unajua wenyewe namna ya kukokotoa. Neno lenyewe silipendi, kwa sababu hapa hakuna aliyekufa wala kinachogawanywa. Kijana naye akinogewa anataka kila kitu kirithi kingine mpaka ukoo haujulikani.

Tuligombana mara moja tu. Alitaka kuniwekea kitufe cha kurekebisha deni, eti kwa kuwa mimi ni katibu na naweza kukosea kuandika. Nilikataa. Nikikosea, niandike kosa na sahihisho lake, yote mawili yaonekane, kama tunavyofanya kwenye daftari. Akasema, "Lakini Shangazi, wewe hawakushuku." Nikamjibu kwamba ndiyo sababu.

Ila ni lazima niseme ukweli ambao yeye mwenyewe alinieleza, baada ya kuuliza walimu wake. Kufuli hizi za ndani ya programu zinamzuia mwandishi asijikosee. Hazimzuii mwizi. Mwenye simu mkononi na neno la siri kichwani ana funguo zote tatu, na mwenye simu ni mimi. Hilo halijapata dawa katika kikoba chetu. Tulichoamua ni kwamba vitabu vya mihuri vibaki kwa akina mama wenyewe, na kila mkutano ukifungwa simu isomwe kwa sauti huku kila mmoja akifuata kwenye kitabu chake.

Jumamosi iliyopita tulisoma. Yule mama wa macho akaomba aishike simu yeye. Akailaza, akaisimamisha, akailaza tena, mara nne au tano, kila mara akihesabu majina kwa kidole. Kijana alikuwa amesimama karibu na mlango, na nadhani hakuvuta pumzi mpaka alipofika jina la ishirini na moja.