Bomba Lenye Mteremko Huokoa Mashine ya Baridi

Wakulima wa Kitui na Makueni wanaifahamu vema kazi ya mteremko. Mtaro wa shamba ukichimbwa bila kupimwa, maji hutuama mahali pasipostahili na kuleta madhara. Kanuni hiyo hiyo hutawala ndani ya mashine za vyumba vya baridi vya kuhifadhia maembe na maziwa, ila humo kinachotuama si maji, bali ni mafuta.

Kila mashine ya namna hii ina kompresa, yaani chombo kinachovuta gesi kutoka mabomba ya chumba cha baridi na kuishindilia. Ndani ya kompresa mna mafuta ya kulainisha vyuma. Mashine ifanyapo kazi, mafuta kidogo huchukuliwa na gesi, yakazunguka pamoja nayo. Jambo hilo si hasara, maadamu mafuta yanarudi.

Taabu huanzia katika bomba la kuvutia, ambalo huirudisha gesi kwenye kompresa. Humo mafuta hujitenga na gesi, yakatambaa polepole juu ya kuta za bomba. Bomba likiinama kuelekea chumbani, au likilegea katikati na kufanya tumbo, mafuta hukaa hapo. Kompresa hupungukiwa, vyuma vyake husagana, na mwisho hukwama. Pengine mafuta yaliyotuama hurudi ghafula kwa wingi, yakavunja vali. Kuongeza mafuta mapya kila mara si dawa, kwani nayo yatafuata njia ile ile.

Mambo matatu yapasa kuangaliwa. Kwanza, bomba lilalalo literemke kuelekea kompresa, kiasi cha nusu inchi kwa kila futi 10. Pili, lishikwe kwa vishikizo vya kutosha, lisilegee. Tatu, ikiwa kompresa iko juu kuliko chumba, chini ya bomba linalopanda pawe na kona iliyopinda kama kikombe. Mafuta hukusanyika humo, kisha gesi huyasukuma juu. Bomba hilo lisiwe pana kupita kiasi, maana katika bomba pana gesi hupoteza mwendo, nayo mafuta hurudi chini.

Maembe hukaa vema katika baridi ya digrii 10 hadi 13 za Selsiasi. Kompresa ikifa siku za mavuno, matunda huiva upesi, na mwenye mali hulazimika kuyauza kwa bei yoyote atakayopewa, au kuyatupa.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, yafaa viongozi wa chama cha wakulima waweke pima-maji juu ya bomba, kutoka mwanzo hadi mwisho, kabla halijafunikwa. Pima-maji ni chombo cha bei ndogo. Kompresa sivyo.